Sufuria Mpya Yang'aa, Lakini Je, Yapika?

Mwezi wa mlisho uingiapo, hakuna mtaa wa Waislamu katika mwambao wetu usiokuwa na shughuli ya vyombo. Wako watoao vya stoo wakavisugua kwa jivu na ndimu, na wako waendao Marikiti au Kongowea kununua vipya, kwani Ramadhani haikaribishwi kwa kaango lililotoboka. Hata ile karamu ya mwisho kabla ya kufunga tumeiita kuvunja jungu, na jina hilo peke yake latosha kuonyesha jinsi maisha yetu yalivyoshikana na chombo cha kupikia. Siku hizi, hata hivyo, jungu halivunjwi. Lauzwa kwa kilo.

Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita vichochoroni na mkokoteni wake, mizani ikining'inia, akinadi. Mlango hufunguliwa, na kutoka uvunguni hutolewa sufuria ya shaba ambayo nyanya wa mwenye nyumba aliipikia harusi tatu na matanga yasiyohesabika. Hupimwa, hulipwa, hutupwa juu ya mabati na nyaya zilizokunjamana, na mkokoteni huenda zake. Mwenzake, mchuuzi wa mali kwa mali, huja na beseni za plastiki na vikombe vya maua, akabadilishana kwa nguo kuukuu na kwa chochote kingine atakachoona kina uzito. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu mwezi wa Januari 2022, sababu ilikuwa nyaya za umeme na vyuma vya mitambo vilivyokuwa vikiibwa, wala hakuna aliyezikumbuka sufuria za nyanya zetu. Marufuku hayo yakaondolewa mwaka uo huo, na mikokoteni ikarudi mitaani.

Aliyeuza hurudi ndani akiwa na furaha. Amepata nafasi kabatini, amepata noti mbili tatu, na kesho atakwenda dukani kununua seti inayong'aa kama kioo. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Swali langu ni moja tu: je, amepata badala ya kile alichokitoa? Naona akina mama zetu, na sisi wanaume ambao kazi yetu ni kutoa pesa na kula, twaifanya biashara hii kwa macho tu, ilhali sufuria haipikii macho.

Wala simo katika wale wasemao kwamba kila cha kale ni dhahabu. Vyombo vya kale vilikuwa na ila zake, tena nyingine za kuua, na nitazitaja. Lakini mtu ahukumupo kati ya kikuukuu na kipya hana budi kujua kila kimoja kimefanywa kwa kitu gani, na kitu hicho chataka nini kwa mpishi.

Tuanze na shaba, kwa kuwa ndiyo iliyotupa jina. Neno sufuria asili yake ni Kiarabu, sufr, yaani shaba. Kwa hiyo asemaye sufuria ya shaba ni kama asemaye shaba ya shaba, na asemaye sufuria ya alumini ameipa alumini jina la mwenzake. Wazee wetu hawakuichagua metali hii kwa sababu ya rangi yake. Shaba nyekundu hupitisha moto mara moja na nusu na zaidi kuliko alumini, na mara 25 hivi kuliko kile chuma kisichoshika kutu tukiitacho stenlesi. Maana yake jikoni ni hii: hata makaa yakiwa yamelala upande mmoja wa seredani, joto huenea chini ya sufuria nzima na kupanda ubavuni, na wali wa nazi huiva sawasawa, wa pembeni na wa katikati. Ukoko wake huwa mwembamba, wa rangi ya asali, unaogombewa na watoto. Si ule mweusi anaotupiwa kuku.

Hiyo ndiyo sifa. Ila yake ni kwamba shaba iliyo wazi haipatani na kitu kikali. Ukwaju, ndimu, siki na tungule vikikaa ndani yake hutoa ile kutu ya kijani, na kutu hiyo ni sumu. Humtapisha mtu na kumkata tumbo. Ndiyo maana ndani ya sufuria ya shaba hutiwa bati. (Bati hili si lile la kuezekea nyumba. Ni metali nyeupe, laini, isiyo na sumu, iyeyukayo kwa joto la nyuzi 232 tu, na kwa hiyo sufuria ya namna hii haiwekwi tupu juu ya moto hata mara moja.) Fundi huisugua sufuria mpaka iwe nyekundu tupu ndani, akaiweka juu ya makaa yanayovuviwa, akanyunyiza unga wa kusafishia, akaigusisha kipande cha bati, kisha kwa tonge la pamba akalizungusha lile bati lililoyeyuka kwa mkono wa haraka mpaka sufuria yote ikawa nyeupe kama fedha. Bati hilo hulika kidogo kidogo kwa mwiko na kwa kusuguliwa. Wekundu unapoanza kuchungulia, sufuria hurudi kwa fundi.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hulisahau tunapovisifu vyombo vya wazee. Ubora wa sufuria ile haukuwa katika shaba peke yake. Nusu ulikuwa katika shaba na nusu katika fundi aliyeitia bati. Huyo fundi alipoanza kupotea mitaani, sufuria ilibaki na nusu yake, na mwenye kuipikia mchuzi wa ukwaju leo kwa kuwa nyanya alikuwa akiipikia, hali haina bati ndani, hafuati mila bali ahatarisha watu wake. Asipikie. Lakini mbona aiuze? Shaba haiozi. Ikikaa miaka 50 uvunguni, siku ikipata bati itapika kama ilivyopika. Ni kitu gani katika seti ile ya dukani kitakachosubiri miaka 50?

Na msidhani kwamba ufundi huo hauwezekani tena katika zama hizi. Watazameni wauza kahawa wa Mombasa na Lamu. Madele yao ya shaba wangali nayo, ndani yana bati, chini yana makaa, na jioni baada ya sala ya magharibi mtu hupewa kikombe chenye moto uo huo alioukuta babu yake. Muuza kahawa hakulishika dele kwa kupenda mambo ya kale, wala si mlinzi wa makumbusho. Hana biashara bila ya chombo kitakachokaa juu ya makaa saa nyingi kisiungue wala kisitoboke, na kwa kuwa akihitaji, hutafuta mtu wa kukitengeneza. Sisi majumbani tuliacha kutafuta.

Alumini nayo ina hadithi yake. Zamani ilikuwa metali ya wafalme, kwa kuwa kuitenga kulikuwa kazi ngumu mno. Mwaka 1886 vijana wawili, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, bila kujuana, waligundua njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme, na bei yake ikaanguka. Ndipo sufuria nyeupe na nyepesi zilipotapakaa duniani, na kwetu pia. Zile za kiwandani walizonunua mama zetu zilikuwa nene, hazina mikono, zina ukingo mpana wa kushika kwa kitambaa, na kifuniko bapa cha metali iyo hiyo. Chukua moja ya hizo na uiweke kando ya mpya iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Huhitaji mizani wala mtaalamu. Ubinye ukingo wa ile ya kale, haitikisiki. Ubinye wa ile mpya, yaitika. Iweke mpya tupu juu ya makaa makali kwa kusahau kidogo tu, chini yake yavimba kama kitumbua, na tangu siku hiyo haikai tena sawa mezani. Bei yake ni ndogo, kweli, lakini mwenye kununua sufuria rahisi kila baada ya miaka miwili mitatu hajanunua kitu rahisi.

Sasa mnunuzi mwerevu atasema: basi nitanunua iliyo nzito. Hapo ndipo ninapomwomba asimame kidogo, kwa sababu uzito nao waweza kudanganya, tena vibaya kuliko mng'aro.

Ziko sufuria nzito sana, za rangi ya kijivu iliyopauka, zenye chembechembe ukizipapasa, ambazo hazikukatwa kutoka katika bamba la kiwandani bali zimesubiwa. Metali yake ni ya kuokotwa: vipande vya injini, rejeta za magari, fremu za madirisha, makopo, na hicho kilichonunuliwa kwa kilo vichochoroni. Vyote huyeyushwa pamoja, vikamiminwa katika kalibu ya mchanga, na kilichomo ndani Mungu ndiye ajuaye. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini vilivyotoka katika nchi 10 zinazoendelea. Walichemsha ndani yake maji yenye ukali wa siki kwa saa mbili. Vyombo 15 kati ya hivyo vilitoa risasi ya maikrogramu moja au zaidi kwa kila kipimo cha robo lita, na kimoja kilitoa zaidi ya maikrogramu 1,000 kilipopimwa tena. Risasi nisemayo si ya bunduki, ingawa nayo hufyatuka polepole: huingia katika damu ya mtoto na kumpunguzia akili, na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Msomaji ataniambia kwamba mchuzi wake hauchemki saa mbili. Ni kweli. Lakini watafiti walichemsha mara chache tu wakaenda zao, nasi twapika kila siku iendayo kwa Mungu. Tena mapishi yetu ya pwani, tofauti na ya wenzetu wengi wa bara, yamejaa ukali: ukwaju katika mchuzi wa papa, ndimu katika samaki wa kupaka, tungule katika biriani, embe mbichi na siki katika achari. Hakuna watu wanaopaswa kuuliza sufuria yao imetoka wapi kama sisi.

Silisemi hili kuwavunjia riziki mafundi wa jua kali. Seredani zao, hasa zile zenye udongo ndani zilizoenea tangu miaka ya 1980, zimetupunguzia makaa, na fundi akunjaye sufuria kutoka katika bamba safi lililotoka kiwandani hana kosa lolote. Lawama yangu ni kwa wale wenye mamlaka ya kupima bidhaa, ambao hupima saruji na unga lakini siwaoni wakiisimamia ipasavyo metali inayochemka jikoni kwa mtoto. Mpaka watakapofanya hivyo, sufuria ya kusubu na iwe ya kuchemshia maji ya kuoga. Mchuzi wenye ukwaju usipikwe humo.

Kuna na jambo jingine dogo juu ya alumini, ambalo mwari wa siku hizi hulikosea kwa kutaka sifa. Sufuria ya alumini ikitumika hufanya utando wa kijivu au mweusi ndani. Utando huo si uchafu. Ndio uizuiao metali isiingie katika chakula. Aisuguaye kwa waya wa chuma kila siku mpaka aone uso wake aufuta utando huo na kuanza upya. Nje sugua upendavyo ili majirani waone. Ndani osha kwa kitambaa na sabuni, basi. Wala mchuzi mkali usilale ndani ya alumini ya aina yoyote, ya kale au mpya.

Stenlesi ndiyo bibi harusi wa leo. Haishiki kutu, haigombani na ndimu wala ukwaju, haipasuki, na ikitunzwa yaweza kurithiwa. Katika mambo hayo nakiri kwamba mpya imeishinda ya kale, na kwa mchuzi wa ukali sijui chombo kilicho salama kuliko hicho. Lakini umesikia hapo juu habari ya moto. Metali hii ni mvivu wa kupitisha joto, na sufuria yake iliyo jani moja tu, chini sawa na ubavuni, huunguza wali katikati ukiwa mbichi pembeni. Wanaojua kuzitengeneza huweka bamba nene la alumini au shaba chini, likafunikwa na stenlesi pande zote mbili. Kwa hiyo unaponunua, igeuze. Usitazame maua yaliyochorwa ubavuni wala sanduku lilivyopambwa. Tazama kitako: kama ni kinene, chenye tabaka, kilichopigwa bapa, hiyo ni sufuria, kama ni chepesi kama kifuniko cha mkebe, hiyo ni ya kuwekea matunda.

Tena kuna suala la kifuniko, ambalo wenye viwanda hawalijui kwa kuwa hawakuzaliwa huku. Sisi hupalia. Wali ukishakauka maji, pilau ikishanywea, biriani ikishapangwa, makaa hupunguzwa chini na mengine kupandishwa juu ya kifuniko, chakula kikaiva kwa moto wa pande mbili. Mkate wa kumimina na mkate wa mayai hupikwa hivyo hivyo, na kwa njia hiyo mwanamke wa mwambao alikuwa na tanuri nyumbani kwake kabla ya tanuri za umeme kuletwa. Chombo cha kazi hiyo chahitaji kifuniko bapa cha metali, kisicho na kirungu cha plastiki, chenye ukingo wa kuzuia majivu. Seti za leo zina vifuniko vya kioo vilivyobinuka kama kuba la msikiti. Wapandisha nini juu yake? Makaa yatateleza, kirungu kitayeyuka, na kioo kikipata moto mkali kisha tone la maji baridi, twapeleka mtoto hospitali. Basi mwenye kifuniko kama hicho huacha kupalia. Na aachapo yeye, binti yake haoni kupalia kunavyokuwa. Na baada ya hapo twasikia vijana wakisema kwamba wali wa siku hizi hauna ladha ya zamani, wakiusingizia mchele wa Pakistani. Mchele hauna kosa. Kosa ni la kifuniko.

Juu ya vikaango visivyogandisha nitasema kwa ufupi, kwani mambo yake ni mepesi kama vyenyewe. Ule utando mweusi ni kitu kilichogunduliwa mwaka 1938 katika maabara ya DuPont huko Marekani, na katika miaka ya 1950 Mfaransa mmoja, Marc Grégoire, akaupaka vikaango na kuanzisha Tefal. Ukitumiwa kwa moto mdogo wa gesi, kukaangia yai au samaki laini, ni kitu kizuri na hakina lawama. Lakini utando huo ukipita nyuzi 260 hivi huanza kuharibika na kutoa moshi, na moshi huo huweza kumwumiza mtu kifua na kumwua ndege ndani ya nyumba. Mwenye kufuga kasuku na ajihadhari. Seredani iliyokolea makaa huzifikia nyuzi hizo kwa dakika chache, na kikaango kikiwa kitupu ni upesi zaidi. Kemikali moja iliyotumika zamani katika kuutengeneza, iitwayo PFOA, ilipigwa marufuku na mataifa mwaka 2019 chini ya mkataba wa Stockholm, na vikaango vya makampuni makubwa sasa havinayo. Hata hivyo, utando uliokwisha kubabuka kwa mwiko wa chuma hauna kazi tena. Hicho ndicho chombo pekee katika makala haya ambacho nasema kikichakaa kitupwe, kwa kuwa hakina fundi na hakina uzee. Kina ujana tu.

Kinyume chake ni chuma cha kusubu. Tawa la chapati, karai la mahamri, na kile chuma cha vitumbua chenye mashimo saba, hivi ndivyo vyombo ambavyo kikuukuu hukishinda kipya bila mabishano. Sababu yake haina siri yoyote. Mafuta yakipata moto juu ya chuma hugeuka kuwa ngozi nyeusi, ngumu, laini, isiyogandisha. Na ngozi hiyo haiuzwi dukani, huumbwa kwa miaka ya kupika. Chuma cha vitumbua kilichopikiwa Ramadhani 30 hutoa kitumbua kinachoruka chenyewe kwa kuchokolewa mara moja. Kipya kitakutoa machozi wiki nzima. Hata hivyo kipya chaweza kulelewa. Kisugue sana kwanza, kwani hutoka kiwandani kimepakwa nta au rangi ya kuzuia kutu, kikaushe motoni, kipake mafuta kidogo mno, ukichome mpaka moshi uishe, urudie mara nne au tano. Kisha usikiache kikilowa majini. Na chuma kidogo kiingiacho katika chakula si sumu bali ni heri kwa mwenye upungufu wa damu, ingawa mchuzi mkali humo hubadilika rangi na kuwa na ladha ya msumari.

Chungu nacho kisisahauliwe, kwani ndicho mzee wao wote. Wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta vigae vya vyungu vya wenyeji huko Shanga na Manda, katika miji ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kando ya vigae vya China na Ghuba vilivyoletwa na majahazi. Sahani ilitoka ng'ambo, lakini samaki alipikwa katika udongo wa hapa hapa. Chungu hakigombani na ukwaju, hushika joto muda mrefu, na samaki wa nazi aliyelala humo mpaka asubuhi huamka akiwa mtamu zaidi. Ubaya wa vyungu vingi viuzwavyo leo ni kwamba havikuchomwa vikaiva. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kilichoiva hulia kama kengele, kibichi hujibu kama ubao. Kitie maji ukiweke juu ya sakafu kavu kwa muda. Kikivuja, mrudishie mwenyewe. Ukikipata chema, kichemshe kwanza kwa maji ya mchele mazito kabla ya kukipa mchuzi, na wala usikitoe motoni ukakiweka juu ya simiti yenye maji. Kilichopakwa rangi ya kung'aa ndani kwa ajili ya watalii ni cha watalii.

Limebaki jambo ambalo ndilo lililonifanya nikate kauli ya kuandika. Katika mwambao wetu vyombo vilikuwa mali ya mwanamke. Mama alimkusanyia binti yake tangu angali mdogo, na siku ya harusi vikahamia naye, na likitokea la kutokea akaondoka navyo. Sufuria nene ya shaba ilikuwa akiba yake iliyo wazi, kama bangili mkononi. Leo bibi harusi hupewa seti ya vipande vingi, nyembamba vyote, ambayo kabla ya mtoto wa pili imekwisha kuwa mikebe ya kuotesha maua. Tumempunguzia mali yake nasi twajiona tumempa zaidi kwa kuwa vipande ni vingi. Mimi naona afadhali sufuria tatu za uzito wa haki kuliko 12 za kujaza rafu, na wakwe watakaocheka wacheke.

Na zaidi ya hayo kuna masufuria makubwa ya mtaa, yale ya kupikia harusi, maulidi na matanga, ambayo hukaa katika ghala la msikiti au nyumbani kwa mwenyekiti wa chama. Mengi yalitolewa na watu waliokwisha kufariki, wakayawakifu ili kila mwenye haja ayatumie na wao wapate thawabu. Katika madhehebu yetu ya Shafi hata kitu chenye kuhamishika chaweza kuwekwa wakfu, maadamu chaweza kutumiwa nacho kikabaki. Na wakfu hauuzwi, haupewi mtu zawadi wala haurithiwi. Nasikia sasa katika mitaa kadhaa kamati zikizungumza juu ya kuyauza kwa uzito ili kununua mapya mepesi, eti vijana wanashindwa kuyabeba. Watu wanne hubeba jeneza, watashindwaje na sufuria?

Kabla ya hayo kupandishwa mkokotenini, kamati na iulize kwanza nani aliyatoa na kwa maneno gani, na yatazamwe ukingo wake, kwani mengine yamechorwa jina. Likionekana neno wakfu, basi shauri hilo si la kamati tena. Ni la kupelekwa kwa kadhi, na Tume ya Wakfu nayo iulizwe, ingawa wengi wetu twaijua kwa majumba na mashamba tu. Na kama tatizo ni bati lililokwisha, fedha za kuyatia bati zichangwe kama zinavyochangwa za mazulia. Masufuria mawili kwa mwaka yatosha kuanzia, kabla ya Ramadhani, mtaa mmoja ukishirikiana na wa pili katika kumtafuta fundi, maana fundi hatakuja kwa sufuria moja.